Makaburu katika Uluguru, na Vita vya Goma

Mwanzoni mwa mwaka 2025, habari za Goma zilipokuwa zikisomwa katika redio kila jioni, mwanafunzi mmoja wa Kidato cha Tatu aliniuliza kama askari wa Afrika ya Kusini walipata kupigana mbali na kwao kabla ya hapo. Nikampeleka dirishani aitazame milima. Majibu yake yako pale.

Katika Agosti 1916 nchi hii ilikuwa koloni la Wajerumani. Jenerali Smuts, Kaburu aliyepewa uongozi wa jeshi la Waingereza katika Afrika ya Mashariki, alikuwa ameshuka kutoka Kilimanjaro, akapita Handeni na milima ya Nguru, na tarehe 26 askari wake wakaingia Morogoro. Alitumaini kwamba adui yake, von Lettow-Vorbeck, angesimama hapa alinde reli. Walikuta mji umeachwa. Wajerumani na askari wao Waafrika walikuwa wameizunguka milima, wengine mashariki, wengine magharibi, wakielekea Kisaki.

Smuts akatuma watu wawafuate. Upande wa Matombo jeshi lilipasua njia katika majabali. Upande wa Mlali walikwenda wapanda farasi, na wote mnajua njia zile zilivyo. Vikosi viwili, cha Brits na cha Nussey, vilifika karibu na Kisaki kila kimoja kwa wakati wake, bila kupashana habari. Cha kwanza kilirudishwa nyuma tarehe 7 Septemba, cha pili tarehe 8. Siku chache baadaye Wajerumani waliiacha Kisaki kwa hiari yao, wakajipanga upande wa pili wa mto Mgeta, wakakaa huko hata Januari 1917.

Linalonishangaza ni kwamba Smuts, kuliko watu wote, alipaswa kulijua jambo hili. Waingereza waliutwaa mji wa Pretoria mwaka 1900 wakadhani wamemaliza vita vya Makaburu. Smuts mwenyewe alikuwa mmoja wa wale waliokataa. Mwaka 1901 aliongoza kikosi kidogo cha wapanda farasi mpaka ndani ya koloni la Cape, akawachosha Waingereza mpaka mapatano ya 1902. Miaka kumi na minne baadaye akautwaa Morogoro, naye akafanya hesabu ile ile ya miji.

Gharama yake haikuwa ya risasi hasa. Farasi walikufa kwa mbung'o kwa maelfu. Kikosi cha Tisa cha askari wa miguu wa Afrika ya Kusini kilifika Februari 1916 na watu 1,135. Ilipofika Oktoba waliobaki na afya walikuwa 116 tu. Malaria, kuhara na njaa ndivyo vilivyowamaliza, kwa kuwa chakula kilibaki nyuma. Na chakula kile kilipofika, kilifika kichwani mwa mtu. Wapagazi waliokufa upande wa Waingereza, kwa hesabu ya Waingereza wenyewe, walizidi 40,000. Majeshi yote mawili yalichukua mahindi na vijana bila kuuliza ni vya nani.

Smuts aliondoka Januari 1917 akaenda London, akasema kazi karibu imekwisha. Lettow alisalimu amri tarehe 25 Novemba 1918 huko Abercorn, ambayo leo ni Mbala katika Zambia, baada ya kupata habari kwamba vita vimekwisha Ulaya.

Sasa tuje Goma. Desemba 2023 nchi za SADC zilipeleka jeshi mashariki ya Kongo kupigana na waasi wa M23: askari wa Afrika ya Kusini, Malawi, na wetu. Januari 2025 waasi waliingia Goma. Waafrika ya Kusini 14 walikufa, na Malawi na Tanzania nazo zililia. Uwanja wa ndege ulifungwa, askari wakabaki wamezingirwa kambini. Tarehe 13 Machi SADC ikaamua kuikomesha kazi hiyo, na mwisho wa Aprili wakaanza kuondoka kwa barabara kupitia Rwanda, nchi iliyokuwa ikishtakiwa kuwasaidia waasi, nayo ikikana.

Wako wasemao vita hivi viwili ni kitu kimoja. Sikubali. Smuts alikuja kuiteka nchi ya watu. Hawa waliitwa na serikali ya Kongo. Smuts alikuwa na nguvu ya kutwaa mji wowote. Hawa hawakuwa na nguvu ya kuulinda mmoja. Tena mwaka 1916 hakuna aliyemwuliza Mluguru lolote, lakini mwaka 2025 wazazi na wabunge wa Afrika ya Kusini waliuliza waziwazi kwa nini vijana wao walipelekwa bila ndege za kutosha za kuwasaidia.

Hata hivyo, kosa lina undugu. Mwaka 2013 nchi hizi hizi tatu, katika brigedi ya Umoja wa Mataifa chini ya jenerali Mtanzania, James Mwakibolwa, zilisaidia kuishinda M23 ile ya kwanza. Lakini wakati ule zilikuwepo helikopta za vita, na adui hakuwa na nguvu kama hii. Nadhani waliopanga safari ya 2023 walivikumbuka mno vita vya 2013, kama Smuts alivyovisahau vya kwake.

Katika makaburi ya Morogoro yako mawe ya askari wa vita vile, yenye majina na tarehe. Wapagazi wengi hawana jiwe. Kwa hiyo, wakati wa likizo, wanafunzi watokao Matombo, Mlali, Mgeta na Kisaki wawaulize babu na bibi zao ni nani katika ukoo alichukuliwa kubeba mizigo, na kama alirudi. Yaandikwe katika daftari la Historia, yaletwe siku ya kufungua shule.