Mtofaa, Ndugu wa Mkarafuu

Tofaa la Ulaya hutaka baridi. Huko Lushoto milimani linastawi, hapa kwetu Unguja halifai. Letu ni lile jekundu lenye maji mengi, ambalo maua yake yakipukutika chini ya mti huwa kama pametandikwa zulia. Ukoo wake ni mmoja na mkarafuu na mzambarau.

Na tabia ni ile ile ya mkarafuu: mbegu ikikauka imekufa. Mwaka jana nilianika kokwa za mtofaa wa marehemu bibi yangu, nikazitia katika karatasi kama mbegu za mchicha. Haikuota hata moja, na mti wenyewe ulikwisha katwa kupisha nyumba. Basi panda kokwa siku ile ile ulapo tunda, kivulini, na udongo usikauke.

Lakini mche wa kokwa haumfuati mama sawasawa. Ukiwa na mtofaa mtamu wa wazee, chagua tawi nene kama kidole gumba, menya gome lote kulizunguka kwa upana wa inchi moja, kisha funga hapo udongo mweusi na makumbi ya nazi yaliyoloweshwa. Mizizi ikijaa, kata tawi ulipande wakati wa masika. Fanya hivyo kabla hujamwita mwenye shoka.