Waganga Wenye Kupasua Kifua Hufundishwa Namna Gani?

Wagonjwa wanatuuliza mara nyingi: "Yule kijana anayesimama karibu na munganga mkubwa ni nani? Ni mwanafunzi? Anataka kujifunza juu ya mwili wangu?" Swali hili ni la haki, wala mtu asione haya kuliuliza. Mtu aliyeambiwa kwamba kifua chake kitafunguliwa ana ruhusa kujua kama mikono itakayokifungua imefundishwa vema.

Kwanza fikirini kazi yenyewe. Mapafu hukaa yamekunjuliwa ndani ya kifua kilichofungwa pande zote. Hewa ya nje ikiingia kati ya pafu na mbavu, pafu hujikunja, na mtu hukosa pumzi. Moyo nao haupumziki. Hupiga karibu mara 100,000 kila siku. Ni nani awezaye kushona nguo inayotikisika namna hiyo? Tena damu isipofika katika ubongo kwa dakika chache tu, ubongo huharibika.

Kwa hiyo waganga wa zamani waliogopa kugusa moyo. Mwaka 1896, katika mji wa Frankfurt, Ujerumani, Ludwig Rehn alishona moyo wa kijana aliyechomwa kisu, naye akapona. Lakini kuufungua moyo na kutengeneza ndani yake kulingoja mashine. Munganga John Gibbon wa Marekani aliifikiria mwaka 1931, alipokesha karibu na mgonjwa aliyekufa sababu damu iliyoganda iliziba njia katika mapafu. Alifanya kazi zaidi ya miaka 20. Tarehe 6 Mei 1953, mashine yake ilishika kazi ya moyo na mapafu ya msichana wa miaka 18 kwa muda wa dakika 26, na katika muda ule Gibbon akaziba tundu lililokuwa ndani ya moyo wake. Dakika 26 tu, baada ya miaka 20!

Sasa, kazi ya namna hii haifundishwi kwa kitabu peke yake. Hospitali ya Johns Hopkins ilifunguliwa katika Baltimore mwaka 1889, na mpasuaji wake William Halsted alitaka waganga vijana wakae ndani ya hospitali usiku na mchana, miaka mingi, wakipewa kazi ngumu zaidi kidogo kidogo. Kwa sababu ya kukaa huko, mafundisho haya yaliitwa rezidensi. Kisha John Alexander, katika Ann Arbor, alianza mwaka 1928 kuwafundisha wapasuaji kazi ya kifua peke yake. Yeye aliijua kwa upande wa mgonjwa pia: alipata kifua kikuu, na kitabu chake juu ya kupasua wagonjwa wa kifua kikuu, kilichotolewa mwaka 1925, alikiandika akiwa amelazwa kitandani.

Lakini mwalimu ninayependa zaidi kumsimulia ni Vivien Thomas. Alikuwa Mmarekani mweusi, seremala kwa kazi yake ya kwanza. Alitaka kusomea uganga, lakini mali yake ilipotea wakati benki zilipoanguka. Mwaka 1930 aliingia kazi katika chumba cha majaribio cha munganga Alfred Blalock, akaandikwa katika daftari ya mishahara kama mfagiaji. Huko alijifunza kushona mishipa midogo kabisa ya mbwa. Wakati huo kulikuwa na watoto wenye midomo ya rangi ya buluu, sababu damu yao haikupita vya kutosha katika mapafu. Munganga Helen Taussig alifikiri kwamba wangeweza kusaidiwa kwa kuunga mshipa mmoja na mwingine. Tarehe 29 Novemba 1944, Blalock alipompasua mtoto wa kwanza, alimwomba Thomas asimame nyuma ya bega lake amwambie la kufanya. Baadaye wapasuaji wengi waliojulikana kote duniani walifundishwa na mikono ya Thomas, mtu asiye na diploma ya uganga. Chuo kilimpa heshima ya daktari mwaka 1976 tu. Mimi naona walikawia sana.

Na katika Afrika? Mwaka 1996 kilianzishwa chama kinachoitwa PAACS, cha kufundisha wapasuaji Waafrika ndani ya hospitali za misioni, na kazi ilianzia Bongolo, katika nchi ya Gabon. Katika Kenya, hospitali ya misioni ya Tenwek, kaunti ya Bomet, hufundisha upasuaji wa mwili wote, tena hufundisha upasuaji wa moyo na kifua. Hesabuni miaka ya kijana wa Kenya: miaka 6 ya chuo cha uganga, mwaka 1 wa kuzoea kazi, miaka 5 ya upasuaji wa mwili wote. Hiyo ni 12. Ndipo anaanza miaka ya moyo na kifua, inayoitwa feloshipu. Basi yule "kijana" mnayemwona pengine ana watoto wanaosoma shule.

Watu wengine husema, afadhali waganga hawa wapelekwe Ulaya wakafundishwe huko. Kuna mambo mengi mema huko. Lakini wagonjwa wa huko wengi ni wazee ambao mishipa ya moyo wao imeziba. Huku kwetu anakuja msichana wa miaka 15, anayeshindwa kupanda kilima na ndoo ya maji. Alipokuwa mdogo aliumwa koo, hakupata dawa, kisha viungo vikavimba. Ugonjwa ule ulikwenda kuharibu vilango vya moyo vinavyozuia damu isirudi nyuma. Mpasuaji anaweza kuweka kilango cha chuma, chenye kudumu sana. Lakini msichana atakunywa dawa ya kuzuia damu isigande kila siku maisha yake yote, na damu yake itapimwa mara kwa mara. Je, kwao kuna mahali pa kuipima? Akiolewa na kupata mimba, dawa ile yaweza kumdhuru mtoto tumboni. Kilango kilichotengenezwa kwa nyama ya mnyama hakihitaji dawa ile kwa muda mrefu, lakini katika mwili wa kijana huharibika upesi, naye atapasuliwa tena. Pengine ni vema kukishona kilango chake mwenyewe, ingawa ni kazi ngumu kupita zote. Uchaguzi huu ndio unaotaka mwalimu aliyeona wasichana wengi wa namna hii.

Turudi kwa swali la kwanza. Mwanafunzi hapewi moyo siku ya kwanza. Anaanza kwa kushika vyuma vinavyofungua jeraha na kutazama. Kisha anashona ngozi. Kisha anafungua kifua na kukifunga. Anajifunza kutoa usaha uliojaa kando ya pafu, na damu ya mtu aliyeanguka kutoka mtini. Miaka inapita, mwalimu anasimama ng'ambo ya meza, mikono yao miwili miwili katika jeraha moja. Akiona kosa linakuja, anashika kisu mwenyewe. Mkitaka kujua nani atawapasua na nani atamsimamia, ulizeni kabla ya siku ile, nanyi mjibiwe wazi.

Tena kazi haimaliziki ngozi ikishonwa. Mgonjwa wa kifua hutoka na mpira kati ya mbavu, unaoingia katika chupa yenye maji. Maji yale huacha hewa na damu vitoke, wala hayaachi hewa irudi. Ninyi mnaomlinda ndugu yenu, msiinue chupa juu ya kitanda hata kidogo, maana maji yatarudi kifuani. Msikunje mpira, msilalie. Mpira ukichomoka, au mgonjwa akianza kuhema kwa shida, msingoje asubuhi wala msione huruma kumwamsha yule kijana. Amelala karibu, katika hospitali, kwa sababu hiyo.