Mti mrefu kupita yote duniani: jibu kwa wale waliobishana



Juma lililopita, wakati wa mapumziko, nilikuta wanafunzi wa mwaka wa tatu wakibishana chini ya ule muvula ulio nyuma ya jiko. Mmoja alisema mti ule unafika metre 100. Mwingine akamcheka: duniani kote hakuna mti wa metre 100, ni hadithi za wazungu tu. Wakaniita niamue. Niliwaambia wote wawili wamekosa, na mara kengele ikalia. Jibu la namna ile halitoshi, basi leo ninaandika lile refu.

Mti mrefu kupita yote inayojulikana uko Marekani, katika jimbo la California, upande wa kaskazini, karibu na bahari. Ni wa aina ya sekoya. Wale wa sehemu ya biolojia waandike jina lake la kilatini: Sequoia sempervirens. Mti wenyewe umepewa jina Hyperion, jina la mmoja wa majitu katika hadithi za Wagiriki wa kale. Watu wawili wenye kupenda kutembea porini, Chris Atkins na Michael Taylor, waliuona tarehe 25 Agosti 2006. Kisha mtaalamu Steve Sillett akaupanda mpaka ncha, akateremsha utepe wa kupimia mpaka chini. Ulikuwa metre 115 na nusu. Ulipopimwa tena miaka iliyofuata, ulifika metre 115,92, maana bado unaishi na bado unaongezeka.

Hesabu tupu haimwonyeshi mtu kitu. Fikirini kiwanja cha mpira cha mashindano makubwa, chenye urefu wa metre 105. Kama tungeulaza mti huu katika kiwanja kile, shina likiwa katika goli la upande huu, ncha ingepita goli la upande ule na kuzidi tena karibu metre 11. Sasa inua kiwanja chote, kisimamishe wima. Ndivyo ulivyo.

Musichanganye sekoya hii na ndugu yake wa milimani, sekoya kubwa. Mmoja wao, unaoitwa General Sherman, una metre 84 hivi kwenda juu, lakini ukiuzunguka chini unatembea karibu metre 31. Huo ndio mkubwa kwa wingi wa mbao. Kwa urefu, hapana.

Tuje kwa swali ambalo kwangu mimi ni zuri kupita yote: maji yanapandaje mpaka kule juu?

Munakumbuka somo la fizika juu ya pompi ya kuvuta. Ukivuta maji kutoka kisimani kwa pompi ya namna ile, hata iwe na nguvu gani, hayapandi kupita metre 10. Sababu ni kwamba si pompi inayovuta, ni uzito wa hewa ya nje unaosukuma maji, nao una mpaka wake. (Kwetu huku milimani hewa ni nyepesi, hata hizo 10 hazifiki.) Na mti hauna pompi. Hauna moyo kama sisi. Basi metre 115 zinatoka wapi?

Waalimu wawili wa Dublin, Dixon na Joly, walitoa jibu katika mwaka wa 1894, na mpaka leo ndilo linalofundishwa. Majani yana matundu madogo sana. Jua linapowaka, maji yanatoka katika matundu yale kama mvuke. Lakini chembe za maji zinashikana sana. Ile inayotoka inavuta ile iliyo nyuma yake, nayo inavuta nyingine, hivyo hivyo mpaka chini kwenye mizizi, kama kamba moja ya maji isiyokatika. Kamba hiyo inapita katika vijia vyembamba kama unywele. Kwa hiyo anayefanya kazi ni jua, na mti unampa njia tu.

Ila kamba ikivutwa mno inakatika. Kadiri mti unavyorefuka, ndivyo uzito wa maji unavyozidi. Kwa metre 115 inahitajika nguvu inayopita mara 11 ile ya hewa inayotuzunguka, na bado hatujahesabu ugumu wa kupita katika vijia. Povu moja la hewa likiingia, kijia kile kimekufa. Ndiyo maana majani ya juu kabisa ya sekoya ni madogo na magumu, yamelala juu ya tawi kama magamba ya samaki, hali yale ya chini ya mti uleule ni mapana na laini. Ukiyaweka pamoja juu ya meza unaweza kuapa kwamba ni ya miti miwili. Kule ncha, mti una kiu hata kama mizizi iko ndani ya maji. Mwaka wa 2004 George Koch na wenzake walihesabu jambo hili, wakaona kwamba mti wa aina hii hauwezi kupita metre 122 mpaka 130. Hyperion hauko mbali sana na mpaka wake.

Kuna jambo lingine la ajabu. Katika nchi ile, miezi ya joto haina mvua. Lakini ukungu unatoka baharini unaingia porini asubuhi na usiku. Majani yanaukamata, maji yanadondoka chini kama mvua ndogo, na mengine yanaingia moja kwa moja katika majani. Mtaalamu Todd Dawson alipima, akatoa hesabu yake mwaka wa 1998: karibu theluthi moja ya maji yanayoingia katika pori lile kwa mwaka inatoka katika ukungu. Ninyi munaotoka vijiji vya juu, ambao asubuhi munafika darasani na nguo zimelowa bila mvua, munaelewa vizuri kuliko wengine.

Mizizi yake haiendi chini sana, metre 2 mpaka 4 hivi. Inakwenda pembeni, hata metre 30, inasukana na ile ya jirani. Ganda lake ni nene, pengine centimetre 30, na moto mdogo haulidhuru. Mbegu yake ni ndogo kama ya nyanya. Tena ukiukata, kisiki kinachipuka, kama mikalitusi yetu inavyofanya. Juu katika matawi kuna udongo, majani yaliyooza miaka na miaka, na katika udongo ule kunaota mimea mingine, na kunaishi wanyama wadogo wenye ngozi laini kama ya chura, ambao wanaweza kuzaliwa na kufa bila kukanyaga chini.

Je, Afrika? Mwaka wa 2016 mtaalamu Andreas Hemp alitangaza mti wa metre 81 na nusu katika bonde moja la mlima Kilimanjaro, Tanzania. Ndio mrefu kupita miti yote ya kienyeji iliyokwisha kupimwa Afrika. Jina lake la kilatini ni Entandrophragma excelsum. Musipite haraka juu ya jina lile. Mti huo unaota kwetu pia, katika misitu ya milima ya mashariki ya Congo, na wapasua mbao wanauita libuyu. Mbao zake zimo katika meza na milango ya nyumba nyingi ambamo munalala.

Hapa niseme habari yangu. Baba yangu alikuwa mpasua mbao. Nilipokuwa na miaka kumi na miwili alinichukua porini kubeba chakula. Tulitembea siku moja na nusu mpaka kwenye libuyu aliyokuwa ameiweka alama. Nilitafuta ncha yake kwa macho, sikuiona. Nikarudi nyuma, nikarudi tena nyuma, nikaanguka juu ya mzizi, na bado sikuiona. Watu wazima wale, wenye kelele njiani kote, walikuwa wananyamaza. Baba aliweka kiganja chake juu ya ganda la mti, akakaa hivyo kidogo, akaniambia kwa sauti ya chini, kama mtu aliye katika nyumba ya mgonjwa, «Huu ulimkuta babu wa babu yangu.» Kisha wakaanza kukata. Siku mbili. Ulipoanguka, mahali tulipokuwa katika giza tukaona jua, na nyani wakapiga kelele mbali sana.

Minerval yangu ya mwaka wa kwanza wa sekondari ilitoka katika mti ule. Sisemi baba alikosa. Ninasema vile ilivyokuwa.

California nao walikata. Tangu miaka ya 1850, wakati wa watafuta dhahabu, walikata kwa shoka na msumeno, halafu kwa mashini. Kabla ya hapo Wayurok, wenyeji wa mto Klamath, walikuwa wakijenga nyumba kwa mbao za sekoya na kuchonga mitumbwi katika magogo yake, na pori lilikuwa bado zima. Leo katika kila hekta 100 za pori lile la zamani zimebaki kama 5. Chama cha kuokoa sekoya kilianza mwaka wa 1918. Serikali ilitenga hifadhi mwaka wa 1968, ikaipanua mwaka wa 1978, na Hyperion uko katika sehemu ile iliyoongezwa mwisho. Wakati wa kuipanua, vilima vya karibu vilikuwa vimekwisha kunyolewa. Mti mrefu kupita yote duniani ulikuwa umesimama pale pale, na hakuna aliyejua.

Ulipojulikana, ukapata adui mwingine: wanaoupenda. Watu walianza kuutafuta, ijapokuwa hakuna njia inayokwenda pale. Walikanyaga udongo juu ya mizizi mpaka ukawa mgumu, majani madogo ya chini yakafa, wakaacha takataka na kinyesi. Mwaka wa 2022 wenye kulinda hifadhi walikataza kabisa. Atakayekamatwa karibu na mti anaweza kulipa dola 5 000, hata kufungwa miezi sita. Na jambo la kuchekesha, au la kusikitisha, ni kwamba ukifika chini ya Hyperion huoni kitu cha kupita miti mingine. Shina lake si nene kupita majirani, na ncha haionekani kutoka chini. Kuna mahali pengine katika hifadhi ileile, penye njia nzuri, pa kusimama na kushangaa bila kuharibu. Lakini watu walitaka kusema: mimi nimeushika.

Kushangaa kwenyewe kumechunguzwa. Mwaka wa 2015 Paul Piff na wenzake waliandika habari ya wanafunzi wa chuo kikuu cha Berkeley, California. Pale chuoni kuna mikalitusi, ndiyo, mikalitusi kama hii yetu tunayokata kuni, ila imeachwa ikapita metre 60. Waliweka wanafunzi chini yake, mmoja mmoja, waangalie juu kwa dakika moja. Wengine waliwekwa mahali palepale, lakini waangalie nyumba kubwa iliyo jirani. Halafu mtu akapita, akajifanya kuangusha biki zake chini. Wale walioangalia miti waliokota biki nyingi kuliko wale walioangalia nyumba. Dakika moja tu! Niliposoma habari ile nilikumbuka wapasua mbao walivyonyamaza, na namna mmoja wao, mtu mkali sana, alivyonichukulia mzigo wangu siku ile bila kuombwa. Lakini alinichukulia tukiwa tunarudi, mti ukiwa umelala. Sijui wataalamu wangeliandika wapi jambo hilo.

Turudi nyuma ya jiko. Munajua wote kwamba darasa la kwanza B wanakaa watatu watatu juu ya benchi moja, na wengine chini. Munajua pia kwamba kuna shauri la kupasua muvula ule kusudi tupate mbao. Walimu hawajakubaliana, na mimi mwenyewe niliyesomeshwa na libuyu sina uso wa kupiga kelele. Ninachoomba ni kwamba, kabla ya shauri kukatwa, tujue tunazungumza juu ya mti gani.

Basi siku ya posho, saa mbili ya asubuhi, jua likiwa bado la upande, wanaotaka waje. Kazi ni rahisi. Simamisha wima fimbo ya metre 1, pima kivuli chake. Mara hiyohiyo pima kivuli cha mti, kutoka katikati ya shina mpaka ncha ya kivuli, mahali ardhi ni sawa. Kama kivuli cha fimbo ni centimetre 80 na cha mti ni metre 20, gawanya 20 kwa 0,8: mti una metre 25. Musingoje saa sita, kivuli kitakuwa kimejificha chini ya mti. Pimeni mara tatu, vikundi vitatu, bila kuchunguliana daftari.

Mimi nimekwisha kuupima peke yangu, na jibu liko katika bahasha kwa mwandishi wa bulletin. Yule wa metre 100 asikose kuja. Kamba ya metre 10 ninayo, fimbo mulete.