Dirisha la Kuchagua Faili Halina Jina? Tazama Kitufe cha Chini

Tuseme uko saiba hapo Kisegi na unataka kututumia picha ya kitambulisho ili akaunti ya biashara yako ya omena ifunguliwe. Unabonyeza mahali pa kuweka faili, dirisha linatokea, lakini juu hakuna neno. Wiki iliyopita paliandikwa "Open". Leo ni patupu.

Usipaniki, pesa zako ziko palepale. Mara nyingi ni kivinjari kilichosasishwa, na sasisho likaharibu kitu kidogo kilichokuwa kikifanya kazi vizuri. Mafundi wa programu huliita jambo hili rigresheni.

Neno lile la juu halitoki kwetu. Tovuti haina njia ya kuandika kichwa cha dirisha hilo. Hiyo ni kazi ya kivinjari, kama Chrome au Firefox, pamoja na mfumo wa kompyuta. Kwenye Windows, programu isipotaja kichwa chochote, mfumo hujaza wenyewe: "Open" kwa kufungua, "Save As" kwa kuhifadhi. Fikiria fomu ya ofisini. Ukiacha nafasi wazi, karani atakujazia. Ukichora mstari pale, atadhani umeshajibu. Sasisho lenye kasoro linaweza kuchora mstari huo bila mtu kukusudia.

Sasa mbona tuhangaike na neno moja? Kwa sababu bila hilo neno, dirisha la kufungua na la kuhifadhi yanafanana kama omena wa ndoo moja. Unaweza kudhani unatutumia taarifa ya miamala kumbe unaihifadhi kwenye kompyuta ya saiba, halafu unaondoka. Anayekalia kiti baada yako anasoma mauzo yako yote, na wateja wako pia.

Kwa hivyo shusha macho chini. Kitufe cha "Open" kinamaanisha faili inatoka kwenye kompyuta kuja kwetu. "Save" kinamaanisha inabaki hapo. Angalia pia kisanduku cha jina la faili: kwenye kuhifadhi, kwa kawaida jina huwa limeshajazwa.

Jambo tunalotaka ulishike zaidi ni hili. Dirisha halisi linataka faili tu. Haliulizi PIN, hata siku moja. Likiuliza, huenda ni mchoro wa tapeli ndani ya ukurasa, na kukosa jina juu si kisingizio. Lijaribu: punguza ukubwa wa kivinjari, kisha vuta dirisha hilo hadi nje ya ukingo wake. Kwenye Windows, la kweli litatoka. La kuchorwa litakwama ndani. Likikwama, funga ukurasa na utupigie kabla ya kuandika chochote.

Na kwa wanaoogopa kwamba tunachungulia picha zao zingine: hatuwezi. Tunapata ile faili uliyoichagua tu. Hata folda ilipotoka kivinjari hutuficha, kinatuandikia njia ya uongo inayoanza na "C:\fakepath\". Ndiyo, imeitwa hivyo kweli.

Mwambie mwenye saiba asasishe kivinjari, maana kasoro za namna hii huenda zikarekebishwa kwenye toleo linalofuata. Kama ulihifadhi taarifa hapo, ifute, kisha uondoe pia kwenye pipa la taka la kompyuta, na utoke kwenye akaunti yako kabla ya kulipa na kwenda.