Somo la Kikundi: Grupu ya Simu ni Nyumba ya Kupanga

Wanakikundi wapendwa, someni somo hili mkiwa pamoja. Mmoja asome kwa sauti na wengine wasikilize. Kila tunapowaomba msimame, simameni mzungumze kabla ya kuendelea. Muda unaotosha ni kama saa moja. Mje na daftari la kikundi, kama lipo.

Tunasema "kama lipo" kwa sababu.

Kuna kikundi kimoja cha akina mama nilichokitembelea, jina lake tuliache. Ni wanachama 22, wanaweka akiba kila Jumatano na kukopeshana. Mwanzoni walikuwa na kaunta buku. Halafu katibu wao, mama mchangamfu mwenye simu nzuri, akasema kaunta buku ya nini siku hizi, tutaandika kila kitu kwa grupu. Kila Jumatano jioni akawa anaandika: fulani ameweka 200, fulani amekopa 4,500, atalipa mwisho wa Machi. Wenye simu za kisasa walikuwa wanaona, wengine wanaambiwa. Ilikuwa kazi safi, na mimi mwenyewe niliwasifu.

Siku moja katibu alipanda matatu kwenda sokoni. Aliposhuka, simu haiko. Alirudisha laini yake siku hiyo hiyo, akanunua simu nyingine, na grupu ikarudi. Lakini ilirudi tupu. Ujumbe wa zamani ulikuwa ndani ya ile simu iliyoibwa, na hakuwa ameweka nakala mahali pengine. Wakauliza wenzao. Mmoja alikuwa amefuta kila kitu apate nafasi ya picha za harusi ya mtoto wake. Mwingine alikuwa ameingizwa kwa grupu majuzi tu. Waliobaki wana simu za mulika mwizi, hawakuwahi kuwa ndani.

Ndipo mzozo ukaanza. Yule wa 4,500 alisema ameshalipa 3,000. Mweka hazina akasema hapana, ni 2,000. Upande wa M-Pesa walisaidika, maana mtu anaweza kuomba taarifa ya akaunti yake na ikaonyesha tarehe na aliyetumiwa. Lakini pesa iliyopeanwa mkononi chini ya mti haina taarifa. Nilipoondoka walikuwa bado hawajaelewana, na hao wawili ni majirani wanaochota maji kwa bomba moja.

Simameni hapa. Jiulizeni: simu ya katibu wetu ikipotea leo, tutajua nani anadaiwa na ni kiasi gani?

Mitandao iliyokufa

Mtu anaweza kusema, hiyo ni simu tu iliyoibwa, mtandao wenyewe haukukosa. Ni kweli. Lakini tuulize jambo kubwa zaidi. Hii mitandao tunayoitegemea itakuwepo kwa muda gani? Kikundi kinachopanda miti kinahesabu miaka 20. Je, Facebook, WhatsApp na TikTok zitatufikisha huko?

Hakuna anayeweza kutabiri, lakini tunaweza kuangalia yaliyokwisha kutokea.

Kulikuwa na mtandao ulioitwa MySpace, ulioanza Marekani mwaka 2003. Vijana wa huko waliupenda kuliko wote, na wanamuziki wakaweka nyimbo zao humo. Mwaka 2005 ulinunuliwa kwa dola milioni 580. Mwaka 2011 uliuzwa tena, safari hii kwa kama dola milioni 35. Na mwaka 2019 wenyewe wakakiri kwamba nyimbo, picha na video zilizowekwa kabla ya 2016 huenda zimepotea walipokuwa wakihamisha mitambo. Fikirini mwanamuziki aliyeacha wimbo wake humo bila nakala nyumbani.

Kulikuwa na Orkut, mtandao wa kampuni ya Google, ulioanza 2004 na kupendwa sana Brazil na India. Ulifungwa tarehe 30 Septemba 2014. Google hiyo hiyo ilianzisha mwingine mwaka 2011, ukaitwa Google+, nao ukafungiwa watu wa kawaida Aprili 2019. Msidhani basi kwamba kampuni ikiwa tajiri mtandao wake utadumu. Tajiri ndiye anayeweza kufunga duka lisilomletea faida na bado akalala ameshiba.

Ulio karibu zaidi na hali yetu ni Yahoo Groups. Huu ulikuwa mahali pa vikundi hasa: wazazi wa shule, vyama vya wakulima, watu wa kabila moja walio ng'ambo. Walipelekeana barua na kuweka kumbukumbu zao humo kwa karibu miaka 20. Mwishoni mwa 2019 kampuni ilitangaza kwamba faili, picha na barua za zamani zitaondolewa. Tarehe 15 Desemba 2020 milango ikafungwa kabisa. Kikundi kilichosikia mapema kiliokoa mali yake. Ambacho katibu wake hakuwa akisoma matangazo, basi.

Kwa nini hufa?

Fikirieni nyumba ya kupanga, lakini mwenye nyumba hatozi kodi. Ukikaa bure kwa mtu, ujue yuko anapopatia riziki. Mitandao mingi hupata pesa kwa matangazo ya biashara. Anayelipa ni mwenye kutangaza sabuni, na anacholipia ni macho yetu. Vijana wakihamia kwingine, mwenye sabuni anawafuata, na nyumba inaanza kuvuja.

Kabla nyumba haijaanguka, masharti hubadilika. Wengi wenu mna ukurasa wa kikundi kwenye Facebook. Mna wafuasi 1,000, mnatangaza asali, wanaona watu wachache tu. Mnadhani watu wamewachoka. Sivyo. Mashine ya kampuni inachagua nani aonyeshwe tangazo lenu, na mkitaka lifike mbali zaidi, mnaambiwa mlipie. WhatsApp ilianza 2009 ikijivunia kutokuwa na matangazo. Mwaka 2014 ilinunuliwa na Facebook kwa kama dola bilioni 19, na mwaka 2025 ikatangaza kwamba matangazo ya biashara yataanza kuonekana katika sehemu yake ya status. Silaumu. Aliyenunua ng'ombe kwa bei hiyo lazima amkamue.

Na mwenye nyumba mwenyewe anaweza kubadilika. Twitter ilinunuliwa na Elon Musk Oktoba 2022 kwa dola bilioni 44, na Julai 2023 hata jina likabadilishwa, ikawa X. Wapangaji hawakuulizwa.

Chifu wa Lanet Umoja

Sasa msije mkasema gazeti letu linapinga simu. Hebu tumkumbuke marehemu Francis Kariuki, aliyekuwa chifu wa Lanet Umoja karibu na mji wa Nakuru. Taarifa zake zilienea duniani mwaka 2012. Alipigiwa simu saa 10 alfajiri kwamba wezi wamevamia nyumba ya mwalimu. Akaandika ujumbe kwa Twitter. Kwa dakika chache majirani walikuwa wamejaa nje ya nyumba ile, na wezi wakatoroka. Aliutumia pia kutafuta kondoo waliopotea na kuwatangazia watu mikutano.

Utauliza, wanakijiji wangapi walikuwa na simu ya Twitter mwaka 2012? Wachache sana. Siri ilikuwa hii: wakati huo ujumbe wa Twitter uliweza kumfikia mtu kama ujumbe mfupi wa kawaida, hata kwa simu ndogo isiyo na intaneti. Mzee mwenye mulika mwizi aliusoma sawa na kijana wa chuo.

Mwezi wa Aprili 2020 kampuni ilizima huduma hiyo ya ujumbe mfupi katika nchi nyingi, kwa sababu za usalama wa akaunti. Mwaka huo huo chifu Kariuki aliaga dunia. Uamuzi huo ulifanyika mbali sana, na waliouamua hawakuwa wakifikiria kondoo wa Nakuru.

Lakini angalieni vizuri. Twitter haikumfukuza mwizi. Majirani ndio walioamka. Chifu aliwafahamu watu wake, nao walizoea kwamba akiita, wanatoka. Mazoea hayo unaweza kuyabeba kutoka Twitter hadi ujumbe mfupi, hadi filimbi, hadi mtoto kukimbia kwa jirani.

Simameni tena. Kikundi chetu kina desturi gani ambayo ingebaki hata kama simu zote zingezimika? Wazee waanze kusema, vijana wafuate.

Siku ya giza

Kuna pia kuzimika kwa muda. Tarehe 4 Oktoba 2021 Facebook, WhatsApp na Instagram zilizimika dunia nzima kwa karibu saa sita, kwa kosa la mafundi wa kampuni yenyewe. Hapa kwetu, wakati wa mtihani wa KCSE mwaka 2024, Telegram ilifungwa kwa agizo la Mamlaka ya Mawasiliano ili kuzuia wizi wa mtihani. Majirani zetu wa Uganda walifungiwa Facebook Januari 2021 wakati wa uchaguzi, na ilibaki imefungwa kwa miaka. Kama kikundi chenu kinauzia wateja wa upande wa pili wa mpaka kule Busia, mnajua maana yake: mteja yupo, bidhaa ipo, mlango haupo.

Tufanye nini basi?

Maoni yangu ni kwamba WhatsApp haifi kesho. Itumieni, na muitumie sana. Ni nzuri kwa kuitana, kukumbushana siku ya mchango, kuuliza bei ya soko kabla hujakodi pikipiki, na kumtumia afisa wa kilimo picha ya jani la mahindi lenye ugonjwa. Hiyo ni kazi ya leo na kesho. Mambo ya miaka kumi, yaani deni, akiba, katiba, maamuzi na majina, yakae kwenu wenyewe.

Daftari litangulie, simu ifuate. Andikeni kwanza kwenye kaunta buku, mwanachama atie sahihi au kidole, halafu katibu apige ukurasa picha na kuituma kwa grupu. Kwa njia hiyo kuna daftari moja na picha kwa simu nyingi. Yule katibu niliyemtaja alikuwa na nia njema kabisa. Shida ni kwamba alianza na simu, na hakukuwa na kitu nyuma yake.

Kila miezi mitatu toeni nakala ya mazungumzo ya grupu. Ndani ya WhatsApp pana mahali pa kuyatoa yote na kuyatuma kwa barua pepe, na kijana wa saiba atawaonyesha kwa dakika tano. Katiba na cheti cha usajili vipigwe fotokopi, nakala ikae kwa mtu asiye ofisa.

Grupu iwe na maadmini wawili au watatu. Na ule ukurasa wa Facebook, ni nani aliufungua? Mara nyingi ni kijana mmoja kwa namba yake mwenyewe, naye sasa yuko Nairobi au Saudi Arabia na namba ya siri haijulikani. Ongezeni mtu wa pili angali anapatikana. Na tukizungumzia namba: andikeni kwa karatasi namba ya kila mwanachama, pamoja na ya ndugu yake mmoja. Laini isiyotumiwa kwa muda mrefu inaweza kupewa mtu mwingine, ukapiga ukidhani unampata Mama Njeri kumbe ni mgeni.

Jambo moja linaniudhi na nitalisema. Kuna vikundi vinatoza faini mwanachama aliyekosa mkutano, na mkutano wenyewe ulitangazwa kwa grupu peke yake. Mama asiye na simu ya kisasa au aliyekosa bando analipa 50 kwa kosa lisilo lake. Andikeni katika sheria zenu kwamba tangazo halijatolewa mpaka limefika kwa kila mtu, kwa ujumbe mfupi au kwa mdomo. Na mama huyo asichekwe. Mara nyingi ndiye anayekumbuka hesabu zote kichwani.

Zoezi la kumaliza

Zimeni simu zote kwa dakika 15. Katibu achukue karatasi tupu. Kwa kutumia daftari na vichwa vyenu tu, andikeni jina na namba ya kila mwanachama, akiba yake hadi leo, deni lake na tarehe ya kulipa. Kisha andikeni maamuzi ya mikutano mitatu iliyopita. Mahali msipojua, msibahatishe, wekeni alama ya kuuliza.

Washeni simu, mtafute majibu ya alama hizo, na kila jibu mnalolipata liingizwe kwenye kaunta buku papo hapo mbele ya wote. Zile alama zitakazobaki bila jibu, mwenyekiti aziandike ziwe ajenda ya kwanza ya mkutano ujao.