Mafuta ya Karafuu na Kidonda Kisichopona

Wengi wetu tumemwona mgonjwa mwenye kidonda mguuni. Amemeza dawa zote alizoandikiwa, miezi inapita, na kidonda hakikauki. Kwa nini?

Sababu mojawapo ni utando. Bakteria wakipata mahali pa kujishikiza hukusanyika, hutoa ute na kujifunika nao. Ukoga wa meno ni utando wa namna hiyo. Kadhalika ule utelezi ndani ya pipa la maji lisilosuguliwa. Ndani ya utando baadhi ya bakteria hutulia bila kukua, na dawa nyingi za antibiotiki huwapata zaidi wale wanaokua. Hivyo wanaweza kustahimili kipimo cha dawa hata mara 1,000 ya kile kinachowaua wakiwa peke yao.

Ndiyo maana wataalamu wanayachunguza mafuta ya mimea, yakiwemo ya karafuu, ambayo kule Pemba hupatikana kwa kupitisha mvuke kwenye makonyo na majani ya mkarafuu. Sehemu yake kubwa ni eujenoli, ile ile inayotuliza jino linalouma. Katika maabara, eujenoli imetoboa ngozi ya bakteria na kuvunja utando wao, hata wa bakteria sugu.

Je, basi tuyamimine kidondani? Hasha! Chupa ya maabara si mwili wa mtu. Mafuta makali yanayoua bakteria huunguza pia nyama changa inayoanza kuota. Na mtoto akinywa kijiko kimoja au viwili tu vya chai, anaweza kuzimia na ini lake kuharibika.

Utando huondolewa kwanza kwa kusafisha, ndipo dawa ifanye kazi. Kwa hiyo tuzingatie haya:

1. Tupige mswaki mara mbili kwa siku.

2. Kidonda kisichoonyesha dalili ya kupona kwa wiki mbili kipelekwe hospitali, kisafishwe na kuondolewa nyama iliyokufa. Mgonjwa apimwe pia sukari. Mwenye kisukari asingoje hata siku hizo. Akichelewa anaweza kukatwa mguu.

3. Tusinunue antibiotiki bila kuandikiwa, wala tusigawane vidonge.

4. Chupa ya mafuta ya karafuu iwekwe mbali na watoto.

Karafuu ya pilau na chai tuendelee nayo. Ya kidondani tuwaachie wachunguzi wamalize kazi yao.