Kabla hujanunua bangili nyeupe au ushanga wa njano

Mchuuzi akikusimamisha Kanyaruchinya, kando ya barabara ya Rutshuru, akakufunulia kitambaa chenye bangili nyeupe na shanga za njano, usianze na bei. Muulize vimetengenezwa na nini. Mapambo mengine huuzwa kama mawe ilhali yametoka kwenye viumbe hai: lulu hukua ndani ya chaza, marijani hujengwa na wanyama wadogo wa baharini, pembe ni jino la tembo, na kaharabu ni utomvu wa miti ulioganda ardhini kwa mamilioni ya miaka.

Anza na bangili nyeupe, maana ikiwa ni ya pembe inaweza kukufikisha mahakamani. Karne ya 19, wafanyabiashara kama Tippu Tip, aliyeweka makao Kasongo huko Maniema, walisafirisha pembe hadi Zanzibar mabegani mwa wapagazi, wengine wakiwa watumwa. Huko Ulaya na Marekani, pembe hizo ziligeuzwa vibao vya piano na mipira ya biliadi. Kwa Walega wa mashariki mwa Kongo, sanamu ndogo ya pembe ilikuwa ya wakubwa wa chama cha Bwami. Si kila mtu aliruhusiwa kuwa nayo. Leo tembo analindwa na sheria ya Kongo namba 14/003 ya tarehe 11 Februari 2014, na mwaka 1989 nchi za mkataba wa CITES, unaosimamia biashara ya wanyama na mimea iliyo hatarini, zilikubaliana kufunga biashara ya pembe kati ya nchi na nchi.

Utaitambuaje? Geuza bangili juani, utazame pale ilipokatwa. Pembe ina mistari myembamba inayokatana kama wavu. Mfupa wa ng'ombe una vitundu vidogo vyeusi. Huo nunua bila hofu. Plastiki mara nyingi ina alama ya kalibu. Ukiona wavu, mrudishie mwenyewe.

Na kama ni urithi wa bibi? Usiiuze, wala usivuke nayo mpaka wa Petite Barrière kwenda Gisenyi. Ulizia kwanza ICCN, taasisi ya serikali inayosimamia hifadhi kama Virunga. Anayekuahidi "karatasi" njiani kwa pesa kidogo, mpite.

Ushanga wa njano nao una ujanja wake. Koroga vijiko vikubwa vitano vya chumvi katika glasi ya maji ya uvuguvugu, kisha utumbukize ushanga mmoja usio na uzi. Kioo na plastiki nyingi huzama, kaharabu huelea. Lakini sandarusi nayo huelea. Huo ni utomvu mchanga zaidi, ambao Kongo ya Wabelgiji iliuza kwa wingi Ulaya kutengenezea vanishi, na wauzaji hupenda kuuita kaharabu. Weka tone la dawa ya kuondolea rangi ya kucha mahali pasipoonekana: sandarusi hunata, kaharabu haibadiliki. Sandarusi si kitu kibaya. Ila usiilipie bei ya kaharabu.

Ukionyeshwa lulu, isugue taratibu kwenye ncha ya jino. Ikikwaruza kama mchanga laini, ni lulu, kioo huteleza. Lulu ya kufugwa nayo hukwaruza, na si bandia: Mjapani Mikimoto alifanikiwa kuikuza mwaka 1893, na nyingi zinazouzwa leo ni za aina hiyo.

Ukishanunua, kumbuka kuwa lulu na marijani zina chokaa, kwa hiyo ndimu na siki huzila. Zifute kwa kitambaa chenye unyevu. Manukato jipulizie kwanza, yakauke, ndipo uvae.